Mbuzi Zenye Useni Hakuchinja

Baraka, 4 Oktoba 1959

Eugène amenipa hii kaye, hii daftari, juu niandike majina ya bamama ya kanisa, na mwenye hakukuja ku mukutano. Majina imekwisha ku karatasi mbili. Zingine zote ziko nyeupe, na mi sipende kintu ikae bure. Basi nitaandika yangu. Nilisoma miaka mbili ku Basista. Mwenye atacheka mwandiko yangu alete kwanza yake.

Mvua imeanza. Nyumba ya Waridi inavuja pale ku mulango. Nilimuambia tangu mwezi ya nane. Hasikie.

Kama mujukuu atasoma hii siku moya, mi nikiwa nimekwisha kufa, ajue: Waridi ni jirani yangu, bibi ya Nasoro muuza nguo. Bo ni Baislamu, siye ni Bakatolika. Kila asubuhi ananiita ku lupango, ku ua ya nyumba yangu: "We mukafiri, ungali hai?" Na mi ninamujibu: "Niko hai, we mungwana. Ninakungoja utangulie." Kisha njo tunawasha moto. Ni miaka makumi tatu sasa.

8 Oktoba

Karani alishuka toka Fizi na karatasi, akaisoma ku soko. Mwezi ya kumi na mbili banaume batachagua bantu ya baraza ya teritwari, wilaya yetu. Nikauliza: "Na siye bamama?" Akacheka. Nikamuambia aende acheke mama yake.

Karatasi inasema kila mwanaume ataingia yeye peke yake, atatia kura yake mu sanduku, na hakuna mwenye atamuuliza. Padri hapana, mwalimu ya musikiti hapana, mukubwa ya kabila hapana. Dini ya muntu si kazi ya sanduku. Nilisikia yote, niliona ni neno ya akili. Ninaandika hivi juu kesho nisiseme sikusikia.

12 Oktoba

Mahindi iko mu udongo. Mugongo inaniuma.

18 Oktoba

Bantu mbili banataka kiti ya Baraka ku ile baraza. Moya ni Nasoro. Mwingine ni Eugène yetu, mutoto ya marehemu dada yangu, mwenye nilimulea mi, mwalimu ya darasa ya tano. Nilijisikia mukubwa kuliko kanisa.

Bo wenyewe banacheka tu. Eugène alijifunza kupima nguo mu duka ya Nasoro akingali mudogo. Leo Nasoro alimuita ku njia: "Mwanangu, ukishinda, mi njo nitakuwa ya kwanza kukuletea kelele ya ile daraja tunangoja ku maji." Eugène akajibu: "Na we ukishinda, baba, nitaleta darasa yote ikusumbue." Bakashikana mikono. Mi sikupenda. Muntu mwenye anataka kushinda hachekeane na mwenye anataka kumushinda.

25 Oktoba

Ubatizo ya mutoto ya Pulchérie, mama moya ya kanisa. Nilipeleka kuku mbili kwa Useni, ndugu mudogo ya Nasoro.

Hii pia niiandike. Hapa Baraka mwenye iko na sherehe, akiwa Mukristo ao Mwislamu, anapeleka nyama yake kwa Useni. Useni anachinja na jina ya Mungu, anabeba shingo, njo haki yake, na bote banakula nyungu moya. Tukichinja siye wenyewe, Baislamu habaweze kula. Useni akichinja, bote tunakula. Tulikuta bazee yetu bakifanya vile na hakuna mwenye alikufa.

2 Novemba

Mvua siku tatu. Ndagala za Pulchérie, samaki yake ndogo za kukausha, zimeoza ku muchanga. Nilimuambia azianue. Hasikie.

8 Novemba

Nyuma ya misa bwana moya alitoka Bukavu na suti, akasimama inje ya kanisa, akasema. Bapadri habakukuwa pale. Alisema hii nchi ni ya Bakristo. Alisema babu ya bale bantu ya ku maji, njo Baislamu, balifunga babu yetu na kamba, na leo bajukuu banataka kutufunga tena na kura. Bantu banaguna. Kisha akasema: "Hata mbuzi yenu wenyewe, munaenda kuomba kwao ruhusa ya kuikata."

Ile njo iliniingia. Ya kamba niliijua: nyanya yangu alikimbia mu milima juu ya bale bantu, akazalia mu pango. Lakini ninajua pia nyanya ya Nasoro aliletwa Baraka mu ile kamba, toka mbali, akiwa mutoto, na hakukuwa mwenye kuishika. Waridi aliniambia mwaka ya njaa, akaniomba isitoke mu kinywa yangu. Pale mbele ya kanisa ningeweza kusema neno moya tu: Bwana, bengine balifungwa pia. Sikusema. Nilipiga makofi. Nilipiga kuliko bengine.

15 Novemba

Waridi ameniita ku lupango. Nilifanya kama sikusikia. Akaita tena. Nikaingia mu jikoni.

22 Novemba

Mukutano ya bamama. Nilisimama nikasema: "Mwenye anapenda Kristo, bwana yake anajua mwenye atachagua." Marthe, ule mwenye hasemake kintu, akasema polepole: "Mama Constance, karatasi ya Fizi ilisema dini si kazi ya sanduku."

Nikamuambia: "Marthe, we hata kuku yako inakushinda akili, leo unataka kutufundisha karatasi?"

Bakacheka bote. Marthe akakunja kikwembe, nguo yake ya kujifunga, ku magoti, akaikunjua, akaikunja. Nilirudi ku nyumba na furaha.

29 Novemba

Mugongo sana. Waridi ameleta majani ya kukanda, ameyaacha ku mulango juu sikutoka. Nimeyatumia. Sikupeleka asante.

5 Desemba, siku ya posho, Jumamosi

Leo tulifanya karamu ya Eugène. Ninaandika mikono ingali na mafuta.

Eugène njo alitaka. Aliniambia juma iliyopita: "Mama, alika bote. Na Baislamu pia. Baraza si ya kanisa, nitakuwa pale kwa bote." Nilizunguka mi mwenyewe ku nyumba kumi na moya za Baislamu, mulango kwa mulango, nikasema: "Mukuje mukule, mbuzi ni mbili." Baliitika na furaha. Balifikiri nimepona ile hasira yangu ya mwezi muzima.

Jana jioni Useni alisimama ku lupango: "Mama, mbuzi ziko wapi? Kesho alfajiri ninapanda camion, lori ya Kilembwe, na chumvi ya kuuza." Nikamuambia: "Tutaona." Akangoja kidogo, akaenda.

Sikupeleka. Ile neno ya bwana ya suti ilikuwa ingali ndani. Na leo asubuhi, camion ikiwa imeondoka, ningeweza bado kumuita Nasoro, anajua kuchinja kama mudogo yake, nyumba yake ni hatua makumi mbili. Lakini niende kumuomba Nasoro achinje mbuzi ya ule mwenye anashindana naye? Bantu bangesema nini? Mutoto yangu Norbert akasema: "Mama, tuko na kisu. Tuko na mikono. Tunangoja nini?" Nikamuambia: "Kata." Akazikata nyuma ya jikoni. Marthe alikuwa amekuja kunisaidia kumenya ndizi, akaona. Hakusema. Nilikuwa nimemufundisha kunyamaza.

Sikufikiri nitadanganya muntu. Niseme kweli mu karatasi yangu mwenyewe: sikufikiri kintu. Nilifikiri tu kwamba leo sikuomba ruhusa.

Bantu bakajaa. Nasoro alikuja kusalimia, akakunywa kahawa, akaondoka juu alikuwa na bageni. Bamama ya Baislamu balikaa ku mikeka upande ya mulango. Nilipakua nyama na bugali, nikapeleka mi mwenyewe. Zubeda, bibi ya Saleh, akaweka sahani ku magoti, mikono yake ikabaki pembeni.

"Mama Constance," akasema, "Useni amepanda camion alfajiri. Nani amechinja?"

Bote bakageuka kwangu. Upande moya bamama yangu ya kanisa, upande ingine bo. Nilisikia mafuta ikilia mu sufuria. Kama ningesema "Norbert", bangeweka sahani chini na kula ndizi, na Zubeda angekasirika, na kesho ingekwisha. Ingekuwa haya ya siku moya. Nikasema:

"Useni alichinja mbele ya kupanda. Unafikiri mi ni muntu ya namna gani?"

Zubeda aliniangalia. Hakugusa nyama. Njo Waridi akasema, na kinywa yake ya kucheka:

"Zubeda, mi nimekaa na huyu mwanamuke miaka makumi tatu. Iko na kinywa mubaya, anatukana mpaka mvua. Lakini uongo, hapana. Akisema Useni, ni Useni. Kula."

Na yeye akakula ya kwanza. Akachukua kipande, akakula, akalamba kidole, akaniambia: "Chumvi kidogo, we mukafiri." Bote bakacheka. Bote bakakula. Zubeda pia.

Marthe alikuwa amesimama ku mulango ya jikoni na ndizi mu mikono. Nilimuangalia. Akageuka.

6 Desemba

Mvua. Sikuenda misa. Mugongo, niliwaambia.

8 Desemba

Mugongo hauna kintu.

10 Desemba

Useni amerudi. Aliingia mu lupango yangu akicheka, matope ya njia ingali ku miguu.

"Mama Constance! Zubeda amenishukuru kwa mbuzi. Inaonekana mi ni fundi mukubwa, mwili uko mu camion ya Kilembwe, mikono inabaki Baraka inachinja. Basi shingo zangu ziko wapi? Shingo mbili!"

Mi sikucheka. Akacheka tena kidogo, peke yake. Kisha cheko ikamutoka ku uso polepole.

"Mama. Nani alichinja?"

"Norbert."

"Na ulibaambia ni mi?"

"Ndiyo."

Akakaa ku kinu ya kutwangia sombe, majani ya muhogo. "Shemeji Waridi alikula?"

"Ya kwanza."

Nilitaka anitukane. Mi ninajua kujibu matusi, njo kazi yangu. Akasema tu: "Ungeniambia jana yake, mama. Ningechinja hata na taa." Akaondoka.

11 Desemba

Nasoro amekuja. Nilimupa kiti, akakataa. Alisimama, kofia mu mukono.

"Useni ameniambia. Nani mwingine anajua?"

"Norbert na Marthe."

"Muzuri. Ibaki pale mpaka kura ikwishe, siku ya mbili, tarehe kumi na tano."

Nikasema hapana. Nikasema nitaenda leo hii, nitasimama inje ya musikiti, nitasema mbele ya bote, bantu banitupie mawe. Nilikuwa nimejitayarisha usiku muzima, nilikuwa hata na maneno.

"Unataka kupumua," akasema. "Ninakusikia. Lakini ukipumua leo, banaume yetu bataingia pale ku sanduku na hasira ya tumbo, na yenu bataingia na woga ya hasira yetu. Hakuna mwenye atachagua muntu. Bote batachagua mbuzi. Na mi, mama, sitake kuwa mukubwa ya mbuzi."

"Utashindwa, Nasoro. Ukisema, Baislamu bote batakuja kwako, hata benye balitaka kumuchagua Eugène."

"Ninajua. Bengine ni jamaa yangu, banamupenda, alifundisha batoto yao. Hata mi ningekuwa na mutoto ya shule, sijue ningechagua nani." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ile karatasi ya Fizi ulisikia sawa na mi. Ama haikuwa ya kweli?"

Nikauliza: "Na Waridi?"

Pale uso yake ikageuka. Sikuwahi kumuona vile.

"Waridi ni bibi yangu. Unanitia siri mu kitanda yangu siku ine, siri ya nyama yenye iko mu tumbo yake. Ingine yote ninaweza kuisamehe, mama Constance, mi ni muzee. Hii, usiningoje niisamehe mbio."

Ku mulango akageuka: "Uliwaalika nyumba moya moya. Kura ikikwisha, utawaambia nyumba moya moya. Si ku musikiti. Kupiga kelele mbele ya bantu mingi ni rahisi."

12 Desemba

Waridi: "We mukafiri, ungali hai?"

"Niko."

"Niko tu? Uko mugonjwa?" Akaniletea uji. Akakaa mpaka nikamaliza. Ilikuwa na sukari. Ilishuka kama muchanga.

13 Desemba

Nilienda kuungama. Padri akanipa rozari tatu. Nilizisali mu njia ya kurudi, nikazimaliza mbele ya kufika ku nyumba. Sasa nitafanya nini na jioni yote?

Nilimuomba Marthe anisamehe ile neno ya kuku. Akasema: "Haikuniuma, mama." Iliniumiza mi kujua anadanganya juu ya heshima yangu, na mi nilidanganya juu ya kiburi.

15 Desemba, siku ya kura

Mvua toka asubuhi. Banaume balipanga musitari mbele ya nyumba ya masomo, murefu mpaka ku njia ya maji. Nilisimama chini ya mabati ya ng'ambo na bamama bengine juu ya kuangalia. Saleh, bwana ya Zubeda, alikuwa na mwavuli, akaweka katekista yetu Isidore ndani, bakasimama bega kwa bega, banasukumana mwavuli. Mwenye anaingia anaingia peke yake, mulango inafungwa, anatoka. Hakuna mwenye alipigana. Hakuna mwenye aliuliza mwingine.

Niandike yenye nilifikiri, hata ikiwa mubaya. Nilitamani bapigane kidogo. Kidogo tu. Juu nione si mi peke yangu.

16 Desemba

Eugène amepita. Si na kura mingi.

Bamama ya kanisa balicheza mu lupango yangu, banaita jina yangu: "Mama Constance, mama ya député ya baraza!" Balinivuta mikono. Marthe hakucheza. Nasoro alikuja mbele ya bote, na kofia yake nzuri, akamushika Eugène mukono, akasema: "Mwanangu, ile daraja." Bantu bakapiga makofi. Hakuniangalia.

Bakiondoka nilimuita Eugène mu jikoni nikamuambia yote. Norbert alikuwa pale, alitaka kusema ni kosa yake. Nikamuambia anyamaze, kisu ilikuwa yake, kinywa ilikuwa yangu.

Eugène alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

"Nani alikuomba, mama?"

"Hakuna."

"Mi nilikuomba kintu moya. Alika bantu."

"Nilibaalika."

"Ndiyo. Ulibaalika."

Ule mutoto hajawahi kunikasirikia tangu nilimutoa ku mukono ya dada yangu mwenye anakufa. Leo pia hakukasirika. Aliongea na mi kama anaongea na muzazi ya mwanafunzi mwenye ameiba kaye. Kwa heshima.

17 Desemba

Eugène alipanda Fizi asubuhi, ku biro ya karani, kuuliza kama anaweza kurudisha kiti, kama kura inaweza kufanywa tena. Alirudi na matope mpaka ku magoti. Karani alimuuliza: "Sanduku ilikuwa na kufuli?" Ilikuwa. "Kura zilihesabiwa mbele ya bantu?" Zilihesabiwa. "Kuna mwenye alilazimishwa mu kile chumba?" Hapana. "Basi, mwalimu, rudi ufanye kazi. Mi sina karatasi ya kuandika mbuzi."

Nilifikiri sana ile neno. Karani hakukosea. Sheria inalinda sanduku, na sanduku ililindwa, hata mi niliona na macho yangu. Lakini muntu hatoke ku nyumba yake akiwa sanduku. Anatoka na yenye alikula, na nani alimualika, na nani alimuambia kula. Pale hakuna polisi. Pale kulikuwa mi.

Eugène akasema atabaki ku kiti, na mambo ya ku maji ataipeleka ya kwanza, daraja mbele ya yote. Kisha akasema: "Lakini sitakula tena kwako, mama, mpaka ukwishe kuzunguka zile nyumba." Sikumukatalia.

18 Desemba

Nilitaka nianze na bale bengine, nimalize na Waridi. Nilifika mpaka ku njia, nikarudi. Nilianza na yeye.

Alikuwa anachagua maharagi ku lungo. Sikukaa.

"Waridi. Zile mbuzi, Useni hakuchinja. Norbert njo alichinja. Nilidanganya."

Mikono yake iliendelea, jiwe moya, jiwe ingine. Kisha ikasimama.

"Nilikula ya kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Zubeda hakutaka. Mi njo nilimuambia kula."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo, ndiyo, kama karani!" Maharagi ikamwangika chini. "Toka lini Nasoro anajua?"

Nikamuambia. Siku saba. Akafunga macho. Sikujua kwamba ile njo itamuumiza kuliko nyama. Ilinipasa kujua. Bwana yake alikuwa amenionyesha.

Nikasema: "Ninaenda sasa ku zile nyumba kumi zenye zimebaki." Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia mulango. Waridi alikuwa amejifunga kikwembe ya inje, amefunga kichwa.

"Unaenda wapi?" nikauliza.

"We ulisema uongo. Mi niliapa juu ya uongo yako. Bale bantu habakukula neno yako, balikula neno yangu. Nitazunguka mi pia. Usiongee na mi ku njia."

Akatangulia. Nikafuata, bibi muzee mwenye alizoea kutangulia kila pahali.

Ku nyumba ya kwanza muzee Abedi alisikia mpaka mwisho, akacheka na meno yake mbili, akasema: "Mungu anajua, ilikuwa tamu." Ya pili balifunga mulango ningali ninasema. Ku ya tatu Rehema, bibi kijana, iko na mimba ya miezi saba, alianza kulia, akashika tumbo, akauliza kama mutoto atazaliwa na kosa. Nilinyosha mukono. Waridi akasukuma mukono yangu, polepole, akamukumbatia yeye, akamuambia hapana, mutoto hana kintu, mwenye alikula bila kujua hana kintu. Mwalimu ya musikiti, ku nyumba ya tano, alisema sawa vile. Aliniangalia na mi, akasema: "We mama, unajua yako." Ninajua.

Ku nyumba ya nane baliniletea kahawa. Balisikia yote, kisha mutoto mwanamuke akaleta kikombe, na kisahani, juu mugeni amefika. Mulango yenye ilifungwa niliweza kuivumilia. Ile kikombe ilinishinda. Nilikunywa nikisimama, ikaniunguza, nikashukuru.

Kila nyumba nilisema maneno ileile. Kila nyumba Waridi alisema nyuma yangu: "Na mi njo niliwaambia kula. Munisamehe." Nilifikiri atazoea. Kila nyumba sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mbele.

Ya mwisho ilikuwa kwa Zubeda. Zubeda hakuniangalia hata kidogo. Alisikiliza akiangalia Waridi tu. Nilipomaliza, na Waridi alipomaliza, akauliza:

"Dada Waridi, siku ingine bakitualika, tumuulize nani?"

Waridi iko na kinywa. Jibu haijamukosa tangu nimemujua, mbele ya bapolisi haikumukosa, mbele ya mama mukwe haikumukosa. Akasema: "Musiniulize mi."

Zubeda akaingia ndani. Hakufunga mulango, aliiacha vile.

Mvua ikashuka, ile ya kupiga, kelele ku mabati mpaka hausikie moyo yako. Tulikaa chini ya mabati ya Zubeda, yeye upande ule, mi upande huu. Maji ikakimbia mu njia, nyekundu. Nilikuwa nimejitayarisha ku bantu bote isipokuwa huyu. Nikasema, na nguvu juu asikie:

"Waridi, unisamehe."

Nilifikiri mvua imekula neno yangu, nilitaka kurudilia.

"Yangu ya kula, Mungu amesamehe," akasema. "Mwalimu ya musikiti amesema. Lakini yako we, Mungu haiko ndani. Ni mi njo nitakusamehe, na mi si Mungu, Constance. Nitakawia."

Jina yangu tu. Hakuna mwenye ananiita vile isipokuwa padri.

Mvua haikukwisha. Akavua viatu yake, akavishika mu mukono, akashuka mu maji, akaenda ku nyumba yake mu ile mvua yote, juu asisimame na mi chini ya mabati moya. Mi nilibaki pale, ku nyumba ya muntu mwenye hanitake, mpaka ikaisha.